Embe zinaoza Kongowea, juisi ya embe tunanunua ya konsentreti kutoka ng'ambo: tatizo hasa liko wapi?

#1 BintiWaKisauni
Asalaam aleikum, na wengine hamjambo.

Nna jambo limenikaa rohoni tangu jana. Nimeingia soko la Kongowea hapa Mombasa alfajiri kununua vitu vya kibanda changu, pale upande wa matunda kuna lori la embe za ngowe kutoka Magarini, Kilifi, siku ya pili hiyo halijaisha. Mwenye mzigo mzee wa makamo amekaa kwenye ubao wa nyuma kofia iko mkononi. Embe za chini zishapondeka, maji yanachuruzika kwenye nyufa za bodi mpaka chini kwenye lami, nyuki wamejaa, na ile harufu tamu inayokaribia kuwa siki. Yuwauza tenga zima kwa bei ambayo hata mafuta ya lori hairudishi. Nimechukua matenga mawili kwa huruma tu manake hata mimi sina pa kuyaweka.

Nikavuka barabara, mtoto anataka juisi, nikachukua boksi la embe dukani. Kwa vile roho bado inaniuma nikaligeuza nikasoma maandishi madogo: maji, sukari, konsentreti ya embe, yaani rojo lililokolezwa, na hiyo konsentreti imetoka ng'ambo. Kutoka lile lori mpaka lile duka hazifiki hatua mia mbili!

Nyinyi mnaojua haya mambo niambieni. Ni nani anayezuia embe ya Magarini isiingie kwenye lile boksi?

#2 HamaliMstaafu
Lori hilo nimeliona. Jibu ni moja tu, mabroka. Embe inatoka shambani kwa bei ya kutupa, hapa katikati inapita mikono mitatu minne, kila mmoja anakula chake, mkulima akijitia kuleta mwenyewe kama huyo mzee anawekewa mgomo, hakuna atakayemnunulia mpaka mzigo uanze kulia. Nimebeba matenga pale miaka ishirini na mbili, hilo nimeliona kwa macho yangu si mara moja.

#3 FundiBoila
Mzee wangu #2 mabroka wapo sikatai, ila swali la dada ni la kiwanda, wacha nieleze kidogo manake nimekaa kwenye boila ya kiwanda cha juisi upande wa Shimanzi miaka tisa, jina nakiwachia wenyewe.

Kiwanda hakinunui embe, kinanunua rojo. Lile rojo la ng'ambo linakuja kwenye pipa, ndani kuna mfuko usioingia hewa, kilo mia mbili na kidogo, linakaa mwaka bila friza. Utamu wake umeandikwa kwenye karatasi, pipa la kwanza na la mia moja ni sawa. Meneja akitaka kufanya juisi ya embe mwezi wa Julai anafungua pipa basi. Sasa wewe mletee ngowe. Wiki hii zinakuja lori kumi, wiki ijayo mvua imenyesha njia ya Marafa imekatika haiji hata moja. Na kila mkiendesha mtambo kisha mkasimama, lazima mabomba yote yaoshwe kwa dawa na maji ya moto, boila iwake, hata kama mmesaga embe za saa mbili tu. Tulijaribu msimu mmoja kununua za hapa hapa. Tuliosha mabomba kuliko tulivyosaga embe.

Kisha embe yenyewe ukitoa ganda na kokwa unabaki na nusu hivi. Ile nusu nyingine inataka pa kutupwa na gari la kuitupa.

#4 Kaskazi_na_Kusi
FundiBoila leo umeandika mpaka nimesikia joto la boila huku Likoni 😄
Lakini hujajibu swali. Hilo pipa la ng'ambo nalo lilikuwa embe mbichi siku moja, tena huko kwao pia msimu ni miezi michache. Wao waliliweka vipi kwenye pipa na sisi tumeshindwa?

#5 FundiBoila
@Kaskazi_na_Kusi hapo umenishika, ndio penyewe. Kati ya shamba na kiwanda cha juisi kuna kiwanda kingine hapo kati, cha kufanya rojo tu, kikae karibu na miembe, kisage msimu wote usiku na mchana kisha kiuze pipa mwaka mzima. Hicho ndio tunachokosa huku. Kiwanda cha juisi tunacho.

#6 MkulimaMarafa
Habari zenu. Mimi ndio nna miembe, ngowe na boribo za babangu na zile embe za apple nilizopanda mwenyewe. Mnazungumza mapipa lakini hamjataja nzi.

Nzi wa matunda yuwatoboa embe ikiwa bado ngumu mtini, anaweka mayai ndani, kitone chenyewe ukipitisha macho haraka hukioni. Embe inakomaa vizuri kabisa, rangi nzuri, wachuma, wapanga kwenye kreti, ikifika kwa mteja wapasua ndani funza wanaruka. Nimerudishiwa mzigo mzima na mteja wa hoteli kwa sababu ya embe tatu. Siku hiyo sikula.

Na Ulaya ndio wametufungia embe zetu kwa sababu ya huyo huyo nzi, kwa hivyo tutauza wapi?

#7 MwalimuWaKilimo
Ndugu yangu #6 pole kwa mzigo, ila turekebishe kidogo. Ulaya hawakutufungia, ni Kenya yenyewe ilisimamisha kupeleka embe huko 2014 manake mizigo ilikuwa inakamatwa na funza na tulikuwa tunakaribia kufungiwa. Ikaruhusiwa tena 2021, kwa masharti, embe zitoke maeneo yaliyopunguza nzi. Waliowahi kujipanga zaidi ni kaunti ya Makueni.

Na huyo nzi si wa asili ya hapa. Ametoka Asia, alitambuliwa 2003 na mara ya kwanza Afrika alionekana hapa hapa Kenya, Pwani. Wazee wetu walikuwa na nzi wengine lakini si huyu.

Dawa ya kupuliza peke yake haimmalizi. Embe iliyoanguka usiiache chini ya mti, ndani kuna funza wanaingia mchangani wanatoka nzi wapya. Kusanya zote, fukia shimo refu au funga kwenye nailoni nyeusi uache juani. Weka mitego ya harufu ya kuvuta madume. Na hii ndio ngumu zaidi, jirani naye afanye hivyo hivyo, la sivyo wewe wafuga nzi wake.

#8 MkulimaMarafa
@MwalimuWaKilimo shukran kwa hilo la 2014. Jirani yangu shamba lake mwenyewe yuko Nairobi, anakuja Desemba. Embe zake zinaanguka hakuna wa kuokota, na mimi nikiingia kuokota naitwa mwizi.

#9 MwanaWaMazeras
Hapo #8 umegusa penyewe na watu wanapita tu. Ni ardhi jamani!

Huku Pwani watu wengi wanalima ardhi ambayo karatasi yake iko kwa mtu mwengine. Mambo ya tangu mkoloni, sheria ya hati ya 1908, aliyejua kuandikisha akaandikisha na asiyejua shamba la babu yake likaitwa la serikali. Babangu alikaa shamba moja maisha yake yote. Mahindi aliruhusiwa, mihogo aliruhusiwa, lakini mnazi au mwembe marufuku, kwa sababu mti wa kudumu ni ushahidi. Ukipanda mwembe umesema hapa ni kwangu. Sasa nyinyi mwataka kiwanda cha rojo kipate embe safi za aina moja kutoka kwa mtu ambaye haruhusiwi kupanda mwembe? Benki nayo itamkopesha kwa dhamana gani?

Mabroka, nzi, boila, yote hayo yaja baadaye.

#10 HamaliMstaafu
Mwanangu #9 hayo ya ardhi ni kweli na yaniuma, lakini wenye hati nao embe zinawaozea. Huyo mzee wa lori nimeongea naye jana, shamba ni lake, hati anayo ndani ya sanduku.

#11 DadaKorosho
Jamani mimi naona tunaongea kana kwamba hatujawahi kuwa na viwanda. Kilifi mjini kulikuwa na kiwanda cha korosho miaka ya 1970 mpaka 1990 na kitu, mamangu alikuwa anafanya kazi pale, kitengo cha kubangua. Alikuwa anarudi vidole vyeusi, yale mafuta ya ganda la korosho yanachoma ngozi kama asidi, wanapaka majivu na mafuta kabla ya kushika. Lakini mshahara ule ndio umenisomesha mpaka fomu foo. Kiwanda kikabinafsishwa, kikafa, majumba yakabaki. Watu wakakata mikorosho wakachoma makaa.

Hapo embe haikuwepo, nzi hakuwepo. Kiliuliwa na nini? Na serikali mwaka 2013 ikaja kukataza korosho ghafi kupelekwa nje ili zibanguliwe hapa, kilio bado kiko pale pale.

#12 MwalimuWaKilimo
@DadaKorosho marufuku ya korosho ghafi ni 2009, si 2013. 2013 ni ile sheria ya mazao iliyounganisha mamlaka nyingi pamoja. Mengine yote uko sawa, na mama shikamoo yake.

Marufuku ilikuwa na nia nzuri ila ilikuja wakati wabanguaji waliobaki ni wachache, mnunuzi akiwa mmoja wawili mkulima anapangiwa bei. Mti usioleta pesa haupuliziwi dawa, usipopuliziwa ukungu mweupe unakula maua, mavuno yanashuka, na kiwanda nacho kinakosa korosho. Mzunguko huo.

#13 Mpwani_Halisi
Wazito mko. Kwale pia msiisahau, Ramisi kiwanda cha sukari kilifungwa 1988, kijiji kizima kikalala. Kimekuja kingine baadaye lakini ile miaka katikati nani atairudisha. Babangu mdogo alihamia Ukunda akawa mlinzi wa hoteli na alikuwa fundi wa mitambo ya miwa.

#14 MamaMabuyu_OldTown
Mimi natengeneza mabuyu, achari ya embe na krisipi za mhogo, miaka kumi na moja sasa, kwa hivyo nnaomba niseme kutoka jikoni.

Embe ya achari nnayoitaka ni mbichi, ngumu, kabla haijaingia sukari. Nikipata ngowe changa msimu ukianza nakata vipande, natia chumvi, naanika juu ya dari kwenye mkeka siku tatu nne nikizigeuza, kisha pilipili, bizari, siki. Hiyo inakaa miezi. Wateja ninao mpaka Eastleigh na watu wanabeba kwenda Dubai.

Sasa kinachonifunga. Supamaketi moja iliniambia tunataka bidhaa yako, leta alama ya ubora na bakodi. Nikaanza safari. Kila bidhaa inataka sampuli yake na ada yake, mabuyu mbali, achari mbali, krisipi mbali, na mimi nnatengeneza vitu tisa. Jiko lazima liwe na vigae ukutani, sinki mbili, choo cha wafanyakazi mbali, mlango usielekee chumba cha kulala. Nyumba yangu ya Old Town ina ukuta wa matumbawe wa miaka mia na kitu, mwenye nyumba haniruhusu kuchimba hata msumari! Kisha leseni ya kaunti, cheti cha afya cha kila msichana anayenisaidia, zimamoto. Kila ofisi ina siku yake. Sisemi hayo masharti ni mabaya, mtoto akila mabuyu yenye rangi mbaya ni mtoto wangu pia. Nasema yamepimwa kwa kiwanda cha Shimanzi kisha akavalishwa mama mwenye sufuria nne.

Nikabaki kuuza kwenye paketi za kukunja na mshumaa. Na mabuyu sisi tunaona ni vya watoto, Ulaya wameruhusu unga wa mbuyu kuwa chakula tangu 2008, wanaupima kwa gramu.

#15 Kaskazi_na_Kusi
Mama #14 mabuyu yako yale mekundu ya paketi ndogo? Kama ndio wewe basi umenimalizia hela ya nauli tangu niko darasa la sita 😄 Mwenyezi Mungu akuzidishie.

Na kwenye mibuyu mwakumbuka 2022 walivyoing'oa mizima Kilifi kuipeleka nchi ya Georgia kwenye bustani? Miti minane, mibuyu ya umri wa mababu. Mwenye shamba alilipwa akaona ni pesa nyingi kuliko mabuyu yote aliyowahi kuokota. Nilichukia lakini nikajiuliza, mabuyu yangekuwa na soko la maana angekubali?

#16 MgemaMtwapa
Wacha niingie na nazi. Watu wanatulaumu wagema kwamba tunaua minazi, ati ndio sababu kiwanda cha mafuta ya nazi hakisimami. Sikilizeni hesabu ya mgema.

Mnazi mrefu ukiuacha uzae, nakwea kuangua kila baada ya miezi miwili mitatu, nazi zinauzwa kwa idadi na bei anasema mwenye lori, kubwa na ndogo anahesabu sawa. Ukigema, karara, lile kole la maua changa, unalifunga na kulikata kidogo kidogo, wakwea asubuhi na jioni, tembo, ile pombe ya mnazi, unauza siku hiyo hiyo pesa mkononi. Kole lile halitazaa, ni kweli. Lakini mtoto akifukuzwa shule Jumatatu siwezi kumwambia mwalimu asubiri nazi zikomae.

Leteni kiwanda kitakacholipa nazi kama tembo inavyolipa, kila wiki, mtaona karara ngapi nitaacha.

#17 FundiBoila
@MgemaMtwapa hesabu yako imenyooka. Na minazi mingi ni ya wazee wetu, imezeeka, mdudu chonga anaila kileleni, na mrefu ukipanda leo wasubiri miaka sita mpaka minane. Mfupi miaka mitatu minne lakini unataka maji.

Maji yenyewe ndio hayo. Mombasa tunakunywa ya chemchemi za Mzima tangu bomba lile la 1957 na ya visima vya Baricho na bado wiki nzima bomba linapiga mluzi. Kiwanda cha chakula bila maji ni godauni. Tulikuwa tunanunua maji ya bauza, gari la tangi, kuoshea mitambo, na stima nayo ikikatika katikati ya kuchemsha, kila kilicho ndani ya bomba kinamwagwa.

#18 Bandarini
Naona kila mtu ana jibu lake, wacha niongeze langu. Nafanya kazi ya klia, kutoa mizigo, pale bandarini kwa hivyo naona makaratasi.

Mombasa imejaa viwanda vya chakula! Nendeni Shimanzi, Changamwe, Mikindani. Unga wa ngano unasagwa hapa, mafuta ya kupikia yanasafishwa hapa. Lakini ngano imeshushwa melini, imetoka Urusi, Ukraine, Ajentina. Mafuta ni ya mawese kutoka Malesia na Indonesia yamekuja ghafi kwenye meli ya matangi. Kiwanda kimejengwa kikitazama bahari, mgongo kimegeuzia Kilifi na Kwale. Mwenye kiwanda si mtu mbaya, meli moja inamletea mzigo wa miezi, ubora mmoja, karatasi moja. Kwa mkulima wa Marafa atahitaji kuongea na watu mia nne na hawapatikani kwa simu siku moja.

Bandari inatulisha na bandari ndio inayotufanya tusilime. Naisema nikiwa nakula mkate wake.

#19 MwanaWaMazeras
@Bandarini hiyo nzuri. Na 2022 vita vya Ukraine vilipoanza unga wa ngano ulipanda mpaka chapati zikawa kama vitambaa. Hapo ndio watu walikumbuka mhogo.

#20 DerevaLungalunga
Bandari si mlango pekee. Mimi naleta machungwa kutoka Muheza na Tanga, Tanzania, kupitia mpaka wa Lungalunga, msimu mzuri lori mbili kwa wiki. Vitunguu pia. Nyanya za Kongowea nyingi ni za Taveta na Loitoktok, ndizi Taveta, kabeji na viazi bara huko juu. Chungwa la Tanga likifika Kongowea bado ni rahisi kuliko la Matuga hapa Kwale, na mimi nimelipia mpaka, mizani, na ushuru wa kila kaunti.

Nimeuliza sana kwa nini. Mkulima wa Muheza ana miti mingi pamoja, napakia shamba moja nimejaza. Matuga nazunguka boma saba kupata lori moja, na kila boma kuna chai, mazungumzo na msiba wa kuhudhuria. Nawapenda lakini dizeli inaisha.

#21 MkulimaMarafa
@DerevaLungalunga ungekuja kwetu kwa kikundi ungepata lori shamba moja. Tulikuwa na kikundi, watu arubaini, mweka hazina akapotea na pesa za kreti. Kila ukitaja kikundi sasa watu wanainuka. Kujenga imani ile tena ni kazi kuliko kufukuza nzi.

#22 MwalimuWaKilimo
Mhogo umetajwa #19 na #14 na umepitwa. Pale Mtwapa kituo cha utafiti wametoa mbegu nzuri za mhogo, Tajirika, Shibe, Karembo, zinastahimili ugonjwa wa michirizi na ule wa majani kujikunja. Watu bado wanapanda Kibandameno, nami nawaelewa, utamu wake hauna mfano, ukiuchemsha unapasuka kama unga. Lakini unashikwa na magonjwa haraka mno, waung'oa umeoza ndani.

Mama #14 krisipi zako unatumia upi?

#23 MamaMabuyu_OldTown
@MwalimuWaKilimo Kibandameno mwalimu, siwezi kukuficha. Ile Tajirika nilijaribu ikaniletea krisipi ngumu, labda nilikata nene. Kisha tatizo la mhogo ni siku mbili. Ukishang'olewa siku ya tatu mistari ya buluu ishaingia ndani, haukaangiki. Kwa hivyo nanunua kidogo kidogo, kwa bei ya kidogo kidogo.

#24 MwalimuWaKilimo
Kata nyembamba zaidi uloweke kwenye maji ya chumvi nusu saa ubadilishe maji mara mbili, uanike kitambaani ndio ukaange. Wanga ukitoka haitokuwa ngumu. Jaribu utuambie.

#25 BintiKibuyuni
Salaam kutoka kusini, Kwale. Mmeongea yote hakuna aliyetaja mwani. Kibuyuni huku kinamama wanalima mwani baharini, maji yakitoka wanaingia na kamba na vigingi, wakivuna wanaanika kwenye vichanja. Mwingi unauzwa mkavu unaenda nje, ila kikundi wanatengeneza sabuni na vitu vyengine kidogo. Haudai hati ya shamba #9, haudai mvua #17, haudai broka kukwea mti.

Shida ni kwamba jua likizidi na maji yakipata joto mwani unakuwa mweupe unakatika, na bei ya mkavu anapanga mnunuzi mmoja. Hapo tunarudi kwa #2.

#26 HamaliMstaafu
Alhamdulillahi angalau mmoja amenikumbuka 😄

#27 Mpwani_Halisi
Swali kwa #7, umesema Makueni waliwahi. Walifanya nini hasa tofauti na sisi? Manake embe wao si nyingi kutuzidi sana na jua ni lile lile.

#28 MwalimuWaKilimo
Kaunti iliweka kiwanda chake cha rojo kule Kalamba, ndani ya miembe yenyewe. Ndio kile alichosema FundiBoila #5, cha katikati. Embe zao nyingi ni apple na za kisasa kama Kent na Tommy, mashamba yako karibu karibu, na nzi walipigana naye kijiji kwa kijiji. Lakini msidhani wamelala usingizi, msimu ukijaa bado embe zinawashinda, kiwanda kimoja hakimezi embe zote za kaunti.

Na Mpwani, apple yenyewe wanasema ilianzia huku huku Pwani. Wao wakaipanda kwa mistari.

#29 FundiBoila
Mimi naona kwa Magarini hata mtambo mkubwa tusingoje. Kukausha. Embe zaidi ya kilo kumi zinatoa kilo moja kavu, zinabebeka kwa boda, hazitaki pipa wala friza. Kinachotakiwa ni kikaushio cha jua chenye nailoni safi na feni ndogo, na mtu anayejua kukata vipande sawa.

#30 Bandarini
@FundiBoila na mnunuzi wa hizo kavu ni nani hapa Mombasa? Tujibu hilo kwanza. Huku kwetu embe kavu watu hawazijui, wanajua achari.

#31 BintiWaKisauni
Nimesoma yote mara mbili, ahsanteni wote, na bado sijajua nani amezuia ile embe. #2 #3 #6 #9 #18 kila mmoja nikimsoma peke yake naona ndio jibu, nikisoma anayefuata naona laa.

Ila niwaambie yaliyotokea kwa yale matenga yangu mawili. Mama #14 aliniandikia pembeni, akaniambia zilizoiva usizitupe, menya, saga, chemsha na sukari na ndimu mpaka ishike mwiko, tandaza nyembamba kwenye sinia uliyopaka mafuta, anika siku mbili. Nimefanya juu ya bati la jirani. Leo mchana nimeikata vipande nikavisha nailoni nikaviweka kibandani karibu na mabuyu. Watoto wa madrasa wamezimaliza kabla ya alasiri. Tenga moja limerudisha hela ya matenga yote mawili na ya makaa.

Nimempigia yule mzee wa lori. Amesema Alhamisi analeta lingine, na bei anayoogopa ni ile ile.

#32 MkulimaMarafa
Dada huyo mzee ni wa Marafa au Gongoni? Kama ni wa huku namjua. Mwambie asilete lori Alhamisi, sokoni kutakuwa na malori ya Malindi pia. Alete Jumamosi.

#33 DerevaLungalunga
Jumamosi mimi narudi mtupu kutoka Malindi. Naweza kubeba matenga ishirini mpaka Kisauni kwa hela ya chai ya turuboi, lakini embe ziwe zimechumwa na kikonyo, zile za kutikiswa mti zikianguka sizibebi, zinanichafulia gari na zinaoza njiani.

#34 MamaMabuyu_OldTown
Ishirini ni nyingi kwetu wawili. Mimi nachukua sita, ziwe mbichi ngumu. Binti chukua nne za kuiva. Kumi nani?

#35 Kaskazi_na_Kusi
Shemeji yangu Likoni ana sufuria kubwa za harusi na sasa hivi hazina kazi. Nawauliza usiku huu. Hiyo sukari kwa kila tenga ni kilo ngapi?